Simu Moja Si Mtu Mmoja

Jumamosi, jioni. Upepo tangu asubuhi, na vumbi jekundu la Katoro limeingia mpaka kwenye sukari. Mbingu haina hata wingu la kudanganyia. Nina hasira, lakini ni ile hasira nzuri inayokufanya unyooshe mgongo.

Leo nimeongea kwa sauti mbele ya watu.

Naliandika hilo kwanza kabla sijaanza kulipunguza, maana najijua.

Kwa wewe uliyeingia kwenye shajara yangu hii ya mtandaoni leo kwa mara ya kwanza: naitwa Minza. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na naishi kwa Shangazi Holo. Shangazi ana karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wachimbaji wanaleta mawe kwenye viroba, wanasubiri zamu, yanasagwa, kisha wanaondoka na unga wao kwenda kuuosha na kumwomba Mungu. Karasha likiwaka, mtu aliyesimama pembeni yako hakusikii. Wengine kelele hiyo inawapasua kichwa. Mimi naipenda, kwa sababu ikiwepo hakuna anayetegemea niongee.

Zamani zamu hapa ilikuwa ya kukaa. Unaketi na viroba vyako mpaka ufikiwe. Ukiinuka kwenda kunyonyesha, au kumwangalia mgonjwa, au kujisaidia tu, unarudi unakuta viroba vimesukumwa nyuma na vijana wenye mabega. Ukiuliza, kila mtu anatazama pembeni. Nimeyaona hayo mara nyingi kupitia dirisha la ofisi. Waliosukumwa karibu wote walikuwa wanawake. Na mimi sikusema kitu, kwa sababu mimi ni mimi.

Ndipo nikaandika programu.

Nilijifunzia kwenye kompyuta ya binamu yangu aliyehamia Mwanza. Herufi N imeng'oka, nabonyeza kile kiraba kilichobaki, na jina langu lina N, kwa hiyo kidole kimeota sugu. Programu yenyewe ni tovuti ndogo. Unaingia kwa simu, unaandika jina na idadi ya viroba, unaenda zako nyumbani au shambani. Zamu yako ikikaribia unapata ujumbe. Viroba vinabaki uani na hakuna wa kuvisukuma, kwa sababu foleni haiko uani tena. Iko kwenye seva.

Ilifanya kazi vizuri mpaka watu walipoizoea. Walipoongezeka ikaanza kuganda. Kila ilipokuwa inatuma ujumbe kwa mtu mmoja, na mtandao wa hapa mnaujua, wengine wote walibaki wanatazama skrini nyeupe. Nikasoma, nikauliza kwenye vikundi vya mtandaoni (kuuliza kwa kuandika naweza), nikaelewa kwamba programu yangu ilikuwa mtu mmoja anayefanya kazi zote. Akiwa anatuma ujumbe, hawezi kupokea mgeni.

Kwa hiyo nikaigawa kuwa michakato miwili, kila mmoja unajitegemea. Wa kwanza nikauita Mpokeaji. Anapokea ombi la mteja kutoka kwenye simu, anamjibu, "Umepokelewa," basi. Wa pili nikauita Mwitaji. Yeye anapanga foleni na kuwaita watu.

Kitu ambacho mtu haambiwi mpaka aumie ni hiki: michakato miwili ni kama watu wawili katika vyumba viwili visivyo na mlango kati yao. Anachokijua Mpokeaji, Mwitaji hakijui. Kila mmoja ana kumbukumbu yake. Mteja akishamwambia Mpokeaji jina lake, jina hilo linaishia chumba cha kwanza, isipokuwa ulifunge kwenye furushi na kulipitisha upande wa pili.

Mwanzoni nilijaribu kulipitisha ombi zima kama lilivyokuja, pamoja na ule uzi unaoishikilia simu ya mteja, yaani muunganisho wenyewe. Programu ikakataa kabisa. Baadaye nikacheka peke yangu. Mawe unaweza kuyatia kwenye kiroba. Huwezi kumtia na mwenye mawe.

Nikatengeneza kitu kama rafu katikati. Mpokeaji anafunga furushi lenye jina na idadi ya viroba, anaandika alama juu yake, analiweka kwenye rafu. Mwitaji anapita, anachukua. Na alama niliyochagua ilikuwa namba ya simu. Niliona nimepata. Namba za simu hazifanani, kila mtu ana yake.

Kila mtu ana yake! Nimeishi Katoro tangu nikiwa na meno ya utoto, na bado niliandika hivyo.

Wachimbaji wanaacha simu kwa Mama Anna, muuza chai wa pale getini, wakienda kushuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Akina mama wengi wana simu za vitufe, hazifungui tovuti. Mwenye simu ya kupangusa ni Mama Anna, na simu yake ni ya kila mtu. "Mama Anna, niandikie na mimi." Anafuta mkono kwenye aproni, anaandika, anarudi kwenye chapati. Nimemwona akifanya hivyo kila siku. Nimekunywa chai yake nikimtazama anafanya hivyo.

Alhamisi asubuhi aliwaandikia wanawake kadhaa mfululizo. Wa kwanza alikuwa Mama Limbu, anayeokota mawe ya mabaki kwenye maduara yaliyoachwa na kuyakusanya kidogo kidogo mpaka yafike viroba vya kusaga. Mpokeaji akamwambia amepokelewa. Furushi lake likakaa kwenye rafu. Kabla Mwitaji hajapita, likaja la pili lenye alama ileile, namba ya Mama Anna, na likakaa palepale. La Mama Limbu likafutika chini yake.

Aliambiwa amepokelewa. Akaamini. Akasubiri mpaka karasha likazimwa jioni, akarudi kwao Masumbwe bila unga na bila nauli ya kurudia. Viroba vyake vikabaki uani.

Sikulia. Nataka hilo lijulikane. Nilikaa tu.

Ijumaa Shangazi akamwita Deus, fundi wa tovuti kutoka Nyasubi, Kahama. Sina ubaya naye. Alikuja na begi zuri, akasalimia vizuri, akaketi kwenye kiti changu na kufungua kazi yangu. Alisoma kwa muda mfupi. Kisha akamgeukia Shangazi, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo.

"Mama, huyu binti amejitahidi."

Hilo neno nalijua. Ndilo walimu wanaloandika kwenye ripoti ya mtoto aliyefeli ambaye hana fujo.

Deus akasema michakato miwili ni makuu yasiyo na sababu kwa biashara ya uani. Airudishe kuwa mmoja, yeye aisimamie kutoka Kahama, na mimi nikae dirishani niuze soda na kupokea wageni. Hakuwa mjinga. Kuirudisha kuwa mmoja kungemaliza kosa la Mama Limbu. Lakini ingeganda tena, watu wangechoka, na siku wakichoka foleni inarudi uani kwenye mabega. Hilo yeye halijui, hajawahi kukaa kwenye dirisha lile.

"Minza," Shangazi akasema, "mpe kaka yako neno la siri."

Mnaoishi huku mnajua. Mkubwa akishasema mbele ya mgeni, mtoto anaitikia na kwenda kuleta. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kutafuta kalamu.

"Hapana, Shangazi."

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Naomba mpaka kesho."

Deus akatazama dari kwa heshima. Shangazi akanitazama mimi, na uso wake haukuwa na hasira; ulikuwa kama wa mtu aliyesikia mbuzi anaongea. Kisha akasema polepole, na Shangazi akiongea polepole jihadhari, "Kesho mchana Mama Limbu anarudi kufuata viroba vyake. Utamweleza wewe. Kwa mdomo wako, siyo kwa kompyuta. Akiridhika, unaendelea. Asiporidhika, Deus anachukua kazi, na sitaki kuona umenuna."

Kwa mdomo wangu! Angeniambia nichimbe duara kwa kijiko ningeona nafuu.

Deus akaondoka na gari la mchana. Nikakaa na kosa langu. Nilijua lilipo, kwamba furushi moja linalifunika jingine. Sikujua alama gani niweke badala ya namba ya simu. Jina? Hapa ukiita Kulwa wanageuka nusu ya uwanja. Jina pamoja na simu? Mtu mmoja akileta mawe mara mbili kwa siku, tumerudi palepale. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Kiraba cha N kikabaki mkononi, nikakirudishia kwa gundi.

Karibu na jioni Shangazi akanipa kazi yangu ya kila siku, kuchana vitenge. Kama hujawahi kufika kwenye karasha letu, utaratibu ni huu. Kiroba kikifika, kinafungwa shingoni kipande cha kitenge chakavu. Kipande hicho kinachanwa katikati. Nusu inabaki kwenye kiroba, nusu anashika mwenyewe. Anayeendesha mashine hahitaji kukujua. Zamu ya watu wa mashine ikibadilika, aliyeingia hahitaji kuambiwa chochote. Unga ukitoka, unaleta nusu yako, maua yanakutana na maua, unachukua mali yako. Nimechana vitenge hivyo tangu nilipohamia hapa.

Akaja mchimbaji mmoja na mkokoteni wa mawe. Nikampa vipande vya kitenge kimoja, cha bluu, kwa viroba vyote, kwa sababu ni mtu mmoja. Akanirudishia.

"We binti, unataka kuniua? Haya mawe hayajatoka duara moja. Nipe rangi tofauti."

"Samahani, kaka."

Nikachana cha njano, nikachana cha kijani. Nikasimama na mkasi mkononi.

Kitenge hakifungwi kwa mtu. Kinafungwa kwenye mzigo. Mtu mmoja, mizigo mitatu, rangi tatu. Nimelifanya hilo kwa mikono hii miaka yote, na nilipokaa kwenye kompyuta nikalisahau, kana kwamba kompyuta ni nchi nyingine yenye desturi nyingine na mimi ni mgeni huko.

Nikaacha vitenge mezani. Shangazi akaniita, nikasema nakuja, sikwenda.

Sasa ombi likifika tu, Mpokeaji analichania alama yake mpya, ambayo haijawahi kutumika na haitatumika tena. Nusu inaenda kwenye skrini ya mteja. Nusu inafungwa kwenye furushi, na ndani ya furushi kuna kila kitu ambacho Mwitaji atahitaji: jina, idadi ya viroba, na namba ya kupeleka jibu. Namba ya simu bado ipo, lakini ndani, kama anwani. Haiko tena shingoni. Mwitaji akimaliza, anarudisha jibu na alama ileile, na Mpokeaji anajua ni la nani bila kukumbuka chochote.

Hakuna anayekumbuka. Ndiyo uzuri wake. Mzigo unajieleza wenyewe.

Leo mchana mkanda wa karasha ukakatika. Ndiyo, leo, mchana, saa ileile niliyohitaji kelele kuliko siku zote. Uwanja mzima ukawa kimya kama kanisa baada ya ibada, na katika ukimya huo bodaboda ikasimama getini, akashuka Mama Limbu.

Nikatoka. Nilitaka kusimama mlangoni, miguu ikanipeleka mpaka katikati.

"Shikamoo, Mama Limbu."

"Marahaba. Shikamoo haisagi mawe."

Watu wakacheka. Vijana waliokuwa wamelala juu ya viroba wakakaa vizuri, maana palikuwa na burudani.

"Ndiyo wewe uliyenilia zamu?" akauliza.

"Ni programu yangu. Ndiyo, ni mimi."

"Wenzako walisema mtandao."

Ningeweza kusema mtandao. Hapa kila mtu anausamehe mtandao. Mama Anna alikuwa amesimama na mwiko wake, anaogopa labda nitamtaja yeye.

Nikasema siyo mtandao na siyo Mama Anna. Nilifunga alama kwa simu badala ya kuifunga kwa mzigo, ombi lake likafunikwa na la aliyefuata. Nikasema ni sawa na mimi kuwapa watu wote wanaokuja na mkokoteni mmoja kitenge cha rangi moja. Hapo mzee mmoja akaguna, "Eee, lazima vichanganyike," na nikaona nyuso zinafunguka moja moja. Walielewa. Watu ambao hawajawahi kusikia neno mchakato walielewa kosa langu kiasi cha kunihukumu, na hilo lilinitisha na kunifurahisha kwa pamoja.

"Na sasa?" Mama Limbu akauliza.

"Sasa tujaribu. Hapa hapa. Kwa simu ileile."

Mama Anna akafuta mkono kwenye aproni. Nikamwomba awaandikie wanawake wote waliokuwepo, harakaharaka, bila kupumzika, Mama Limbu kwanza. Akaandika. Simu ikalia, ikalia tena, ikaendelea kulia, na kila jibu likaja na jina lake na alama yake, kwa mpangilio walivyoomba. Mama Anna akawa anayasoma kwa sauti kama anagawa barua. Wa kwanza: Mama Limbu.

Mkanda ulikuwa umeshafungwa. Kijana mmoja mwenye mabega, namjua tangu enzi za foleni ya kukaa, akainua kiroba chake na kuanza kwenda kwenye mashine.

"Huyo mama kapewa kwa huruma," akasema. "Mimi nipo hapa tangu asubuhi."

Hapa, shajara, ndipo nilipojishangaza.

"Ulikuwepo, lakini hukuomba!" Nilipaza sauti mpaka kuku wa Mama Anna wakaruka. "Ombi lake liko mbele. Weka kiroba chini, kaka, subiri zamu yako."

Aliweka. Sijui kama ni kwa sababu yangu au ni kwa sababu Shangazi alikuwa ametokea mlangoni. Naandika hivyo hivyo kwa sababu nimeahidi kusema kweli humu. Lakini aliweka.

Mama Limbu akamsaidia mwendesha mashine kubeba viroba vyake. Kabla karasha halijawaka alifungua pindo la kanga, akatoa kipande cha kitenge chenye maua ya zambarau, akakichana kwa meno, akafunga nusu kwenye kiroba. Alifanya makusudi, akinitazama.

"Yako nimeiona, ng'wanone," akasema, na hilo ni neno la kumwita mwanao. "Lakini changu nafunga."

"Funga tu, mama. Hata mimi nimefunga."

"Haya. Wabeja." Asante, yaani. Na kwa Kisukuma kile cha Masumbwe akaongeza kitu ambacho sikukishika, maana karasha liliwaka. Inawezekana alinitukana. Kwa jinsi alivyokuwa anatabasamu, nitachukulia ilikuwa shukrani.

Shangazi hakunisifu. Shangazi hasifu. Alipita ofisini baadaye, akakitazama kiti changu kinachoyumba, akakisukuma pembeni kwa mguu, akaniletea chake chenye mto.

Kisha akasema, akiwa ameshanipa mgongo, "Deus nimempigia. Anasema atapita tu Jumatatu, aangalie."

Nilikuwa na furaha, ikapungua. Bado haijarudi yote. Nimekaa kwenye kiti chenye mto nikifikiri juu ya Jumatatu na ule ukimya wangu wa zamani, umekaa karibu unaningoja kama viatu vilivyochakaa mlangoni.

Siuvai.

Aje. Nitamwamkia kama anavyostahili, nitamwagizia chai kwa Mama Anna, nitamfungulia kazi yangu aisome mstari kwa mstari, na akiona kosa nitamshukuru na kulirekebisha mimi mwenyewe. Lakini kwenye kiti hiki nitakuwa nimekaa mimi.

Neno la siri simpi.